M-Pesa ilianza na mkopo, sisi tukaigeuza, sasa mkopo umerudi

Kila baada ya wiki chache lazima msee anitumie ile video. Eti M-Pesa iligunduliwa na mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Kenya, akaiandika kama mradi wake wa mwisho, wakubwa wakauona, wakamnyang'anya wazo na kumwacha kwa mataa. Najua kwa nini mnanitumia mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma, na mnadhani hadithi ya kijana mwerevu aliyeibiwa itanipa raha. Ni tamu, nakubali. Shida ni kwamba historia iliyoandikwa haisemi hivyo, na ile ya ukweli ni kali kuiliko.

Walioanzisha mpango walikuwa wafanyakazi wa Vodafone kule Uingereza, Nick Hughes na Susie Lonie. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa iliyoitwa DFID, ilikuwa na mfuko wa kusaidia kampuni zitakazofikisha huduma za kifedha kwa watu wasio na benki. Mfuko ukatoa karibu pauni milioni 1, Vodafone nayo ikaongeza yake. Kenya ikachaguliwa kwa sababu Vodafone ilikuwa na hisa kubwa Safaricom. Majaribio yakaanza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, na watu kama 500 hivi, wateja wa Faulu, ile taasisi ya mikopo midogo midogo.

Na hapa ndipo nataka uwe makini. Walipewa simu ili wafanye kitu kimoja tu: kulipa mkopo. Mama mboga amekopa, kila wiki anaenda kwa mkutano wa kikundi na pesa taslimu, anapoteza nusu siku. Sasa eti aende kwa ajenti, aweke pesa kwa simu, mkopo ujilipe. Hiyo ndiyo ilikuwa M-Pesa. Hakuna mtu alikuwa amepanga wewe umtumie beste yako soo mbili ya chipo.

Wateja wakafanya yao. Lonie na Hughes wenyewe waliandika baadaye walichokiona: watu walikuwa wanatumiana pesa hata pasipo mkopo wowote wa kulipwa. Mtu anamlipia mwingine deni, naye analipwa kwa kazi. Wafanyabiashara wanaweka mauzo ya jioni kwa simu kwa sababu benki zimefungwa na duka la ajenti bado liko wazi. Wengine wanaweka pesa Nairobi, wanapanda matatu mifuko mitupu, wakifika Thika wanazitoa. Fikiria akili ya huyo wa kwanza kufanya hivyo! Hakuna aliyemfundisha. Aliogopa tu kuibiwa njiani, akaona kifaa kiko mkononi, akakipa kazi nyingine.

Faulu kwa upande wao walikuwa na shida ya kulinganisha hesabu za simu na vitabu vyao, na vikundi vilianza kulegea maana hakuna haja ya kukutana. Kwa hivyo wakati huduma ilipozinduliwa nchi nzima, Machi 2007, habari ya mkopo ilikuwa imewekwa kando. Tangazo lilikuwa na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Kwa hivyo ukitafuta Wakenya walioibuni M-Pesa, usimtafute mwanafunzi mmoja. Watafute wale 500 ambao majina yao hakuna mtu aliyeyahifadhi. Wale ndio walisema, hapana, mkopo tumesikia, lakini sisi tunataka kutumiana.

Kama umezaliwa baada ya 2000 huwezi kuelewa vizuri kwa nini. Mimi nilimuuliza mathe. Anasema siku hizo babangu akifanya kazi Nairobi, pesa za nyumbani zilisafiri ndani ya bahasha, bahasha ndani ya gazeti, gazeti mikononi mwa dereva wa basi aliyejulikana na kila mtu kijijini. Unamlipa kitu kidogo. Mathe anaenda stendi jioni kumsubiri. Basi likiharibika njiani, mnalala na deni la dukani. Kulikuwa na Posta pia, lakini Posta ilikuwa mbali, na ukifika unaweza kuambiwa leo ofisi haina pesa, rudi kesho. Wengine walitumiana kredo ya simu, anayepokea anaiuza kwa bei ya chini ili apate hela. Kumbe tulikuwa tumeshaanza kufanya kredo kuwa pesa kabla kampuni haijatufikiria.

Kitu kingine kilichosaidia ni kwamba huduma ilikaa ndani ya laini yenyewe. Haikuhitaji simu ya bei, haikuhitaji intaneti. Kabambe ya tochi ilitosha. Na jina likakaa vizuri: pesa, neno ambalo pwani hii imelitumia tangu enzi za sarafu za paisa kutoka Bara Hindi. Mwaka 1888 tayari kampuni ya Waingereza ilikuwa imetoa sarafu zake za Mombasa za aina hiyo. Kwa hivyo si mara ya kwanza kampuni binafsi kutuundia pesa, nawakumbusha tu.

Miezi kumi baada ya uzinduzi, nchi ikawaka. Mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilifunga barabara na maduka, na watu waliokwama mitaani walitumiwa pesa na kredo na jamaa zao kwa simu. Nadhani hapo ndipo imani ilijengwa, kuliko kwa tangazo lolote. Mwaka huo huo ulipokuwa unaisha, mabenki yakaona moto. Desemba 2008 kaimu Waziri wa Fedha, John Michuki, akaagiza huduma ikaguliwe. Benki Kuu chini ya Njuguna Ndung'u ilikuwa imeiruhusu bila kuilazimisha kuwa benki, na ukaguzi ulipotoka Januari 2009 ikaonekana iko salama. Pesa za wateja zilikuwa zimewekwa benki kwa jina la kampuni ya udhamini, mbali na pesa za Safaricom zenyewe. Kama ukaguzi ule ungeenda vingine, leo tungekuwa tunapanga foleni.

Faida basi. Sitapoteza muda kukuambia ni rahisi, unajua. Nitakupa moja iliyopimwa. Wachumi wawili, Tavneet Suri, ambaye ni Mkenya, na William Jack, walifuatilia familia za hapa kwa miaka. Wakati familia isiyo na M-Pesa ilipopata pigo, ugonjwa, mavuno mabaya, kupoteza kazi, matumizi yake yalishuka karibu asilimia 7. Familia yenye M-Pesa haikushuka, kwa sababu shangazi wa mbali aliweza kutuma kitu siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 wakaandika kwamba huduma hii imetoa kama familia 194,000 kwenye umaskini uliokithiri, na kwamba wanawake kama 185,000 walitoka kutegemea kilimo wakaingia biashara. Mwanamke ambaye anapokea pesa kwa laini yake na namba yake ya siri haombi ruhusa ya kuzitumia. Hilo tu linatosha kuifanya M-Pesa kuwa kitu kikubwa katika historia ya nchi hii. Hata Afghanistan walipojaribu huduma ya aina hiyo kulipa polisi, wengine walidhani wameongezwa mshahara. Walikuwa wanalipwa pesa yao yote kwa mara ya kwanza, bila mkubwa kuikata njiani.

Sasa upande ule mwingine. Chukua bei zilizoanza 2023. Nikimtumia mathe 200, natozwa 7. Akienda kutoa anatozwa 29. Jumla 36, yaani asilimia 18 ya hiyo pesa imeliwa njiani. Yule dereva wa basi na bahasha yake hakuwa anakula hivyo! Nikimtumia 1,000 tunakatwa 42, asilimia 4 na kitu. Lakini msee wa Lavington anayetuma 100,000 analipa 108, anayepokea analipa 309 kuzitoa, jumla 417. Hiyo haifiki hata nusu shilingi kwa kila mia. Kadiri ulivyo sota ndivyo unavyolipa zaidi kwa kila shilingi. Utaniambia kutuma hadi mia ni bure, sawa, lakini kuitoa hiyo mia ni 11.

Na si kampuni peke yake. Serikali iliona mto unapita karibu ikachota. Ushuru kwenye ada hizi ulianza 2013 kwa asilimia 10, ukawa 12 mwaka 2018, ukawa 15 mwaka 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka 20. Mnakumbuka Juni ile, sina haja ya kueleza kwa nini haukupita. Watu wanaosema vijana walitoka kwa sababu ya TikTok hawajawahi kutuma soo tatu nyumbani.

Tena kuna hili la kuwa na mlango mmoja. Kwa miaka mingi, ukiwa na laini ya kampuni nyingine, wewe ulikuwa kama uko nchi tofauti. Zain walikuja na Zap mwaka 2009, wakaangushwa. Hadi 2018 ndipo mtu aliweza kutuma moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Na hadi 2015 mitambo yenyewe ilikuwa Ujerumani, kumaanisha pesa ya mathe ya sukari ilikuwa inapitia Ulaya kabla ya kufika Kakamega. Mtandao ukilala, nchi inasimama. Nimewahi kusimama stendi na pesa kwa simu, utingo amenikodolea macho, nikashushwa kama mwizi. Pesa unayo, lakini huwezi kuishika.

Lakini kasoro inayoniuma ni ile niliyoweka kwenye kichwa cha habari. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, akiba na mkopo ndani ya simu. Januari 2019 ikaja Fuliza: pesa zikipungua, unatuma tu, unakopeshwa papo hapo, unakatwa asilimia 1 halafu ada ya kila siku. Neno lenyewe tamu sana. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kusita, na kwa kweli hatusiti. Ukiwekewa hela na mtu, deni linajilipa kabla hujaiona meseji. Angalia basi tulikotoka. Mwaka 2005 walituletea chombo cha kulipa mkopo, tukakikataa, tukakifanya cha kusaidiana. Miaka saba baadaye mkopo ukarudi kupitia mlango ule ule tuliojenga kwa kusaidiana. Sasa mtu akikutumia 500 ya chakula, huenda ikafika ikiwa malipo ya deni. Shangazi anadhani amemlisha mtoto, kumbe amelipa riba.

Sisemi mkopo ni dhambi. Kuna fundi anakopa asubuhi ananunua vifaa, jioni amelipa na amebaki na faida. Mkopo ule umemfaa. Lakini beste wangu mmoja alikopa kwa programu ya mikopo, sitaitaja, akachelewa siku tatu, na watu wote kwa simu yake wakapigiwa, hadi mwalimu wake wa Kiswahili wa sekondari. Ilibidi sheria ibadilishwe mwaka 2021 ndipo Benki Kuu ianze kuwapa wakopeshaji hao leseni.

Msimamo wangu basi, maana najua mtauliza. Mimi nalipwa kwa simu, kila kazi ndogo ya video inaingia kwa laini yangu, na bila M-Pesa kijana asiye na shahada wala akaunti ya benki hangekuwa na kazi hii. Siirudishi bahasha. Lakini mwaka 2020, korona ilipoingia, ada za kutuma chini ya 1,000 ziliondolewa kuanzia Machi hadi mwisho wa mwaka. Kampuni haikufa. Nchi haikuanguka. Kwa hivyo ninapoambiwa 7 na 29 haziwezi kuguswa, nakumbuka miezi ile tisa. Ningeanza na ile ya kutoa, kwa pesa chini ya 500, kwa sababu anayetoa pesa ndogo ni yule ambaye duka la kwao bado halipokei malipo kwa simu. Na ningetaka pesa iliyotumwa na mtu kwa mtu isiliwe na deni hadi mwenyewe akubali. Vitu viwili tu, na hakuna kati yake kinachohitaji mitambo mipya.

Hadi hapo, sisi tumeshajitungia sheria yetu. Mtu akikuomba pesa husema "tuma na ya kutoa". Maneno manne, na kila Mkenya anaelewa kwamba yule mwenye kidogo anamwomba mwenzake ambebee hiyo 29. Mathe haniambii kamwe. Najumlisha mwenyewe, natuma 529.