Mwambie Makanga Akushushe Kengeleni

Desemba ikikaribia, Nakuru nzima huanza kuongea kuhusu Mombasa. Kuanzia Bahati hadi Njoro, vyama vya akina mama, vijana wa kanisa na marafiki waliochanga pesa tangu Machi, wote wanauliza swali moja: tukifika, twende wapi? Na kila mwaka kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anayetuma orodha ileile. Pembe za Moi Avenue. Fort Jesus. Mama Ngina. Haller Park. Kisha ufuo wa Pirates, upande ngamia, ule viazi karai, urudi nyumbani na mchanga kwenye viatu kama ushahidi.

Mimi sina shida na hiyo orodha. Nimeifuata, na nitaifuata tena pesa ikipatikana. Lakini hebu tuangalie neno tunalotumia kwa mahali kama hapo: kivutio. Limetokana na kuvuta. Kama kuna anayevutwa, kuna anayevuta, na mtu wa kwetu akivutwa zaidi ya kilomita 600 ana haki ya kuuliza kamba imeshikwa na nani.

Tuanze na pembe. Ni nne, za alumini, na zinapishana juu ya barabara zikichora herufi M. Wengi wetu tunaambiwa M ni ya Mombasa, tunapiga selfi, tunaenda. Lakini pembe hizo zinahusishwa na ziara ya kifalme ya 1952, wakati barabara yenyewe ilikuwa bado inaitwa Kilindini Road. Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuwa amepangiwa kupanda meli ya Gothic hapo bandarini Mombasa ili aendelee na safari ya kwenda Australia. Tarehe 6 Februari, akiwa bado huku bara upande wa Nyeri, baba yake akafariki Uingereza. Akawa malkia akiwa Kenya, akarudi kwao kwa ndege kupitia Entebbe. Meli ikamkosa abiria wake. Ilibidi mji ungoje hadi 1956, dada yake Margaret alipokuja, ndipo pembe zipate mgeni wa kupita chini yake.

Kwa hivyo ukisimama pale na simu yako, umesimama chini ya mapambo ya kumkaribisha mgeni. Hakuna ubaya, kila mji hupambia wageni. Ila kumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1952, mwezi wa Oktoba, serikali ileile ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na baada ya hapo maelfu ya maskwota Wakikuyu wakatolewa kwenye mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa na kurudishwa rizavu. Familia nyingi za Bahati zina hadithi ya 1952 na miaka iliyofuata. Hakuna hata moja niliyoisikia ambayo ina pembe za alumini ndani yake.

Halafu Fort Jesus. Hii ndiyo kila mtu anaijua, na kwa kweli inastahili. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala. Mji wenyewe una jina lingine la kale, Mvita, na historia ya ngome hii inalifaa jina hilo. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amelelewa na Wareno kule Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, aliwageuka akaiteka. Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi wakaiingia Desemba 1698. Katikati ya mzingiro huo, 1697, meli ya Wareno iliyokuja na msaada, Santo António de Tanná, ikazama papo hapo mbele ya ngome. Mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza Fort Jesus kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Haya yote mwongozaji atakueleza vizuri, na ukimpa nafasi atakueleza mara mbili. Kinachopitwa mbiombio ni hiki: kuanzia 1895 hadi 1958, Fort Jesus ilikuwa jela ya serikali ya Waingereza. Miaka sitini na mitatu. Iligeuka kuwa makumbusho 1962, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru. Piga hesabu. Mizinga tunayoegemea tukipigwa picha ilikuwa hapo wakati watu wanahesabiwa asubuhi na jioni. Kuna Wakenya walioishi hadi wakati wetu ambao kwao lile lango halikuwa kivutio hata kidogo. Lilikuwa lango la korokoroni.

Ndani kuna kitu kingine ambacho napenda sana. Ni ukuta wenye michoro ya meli, iliyochorwa kwa makaa na rangi nyekundu na Wareno waliokaa humo. Si kazi ya wasanii, ni watu waliokuwa wamechoka kungoja. Hawa ndio waliokuwa na bunduki na funguo, lakini walipopata nafasi ya kuchora kitu walichora njia ya kurudi nyumbani. Ukiiona hiyo michoro, tulia hapo kidogo kabla hujaenda kwenye mizinga.

Upande wa Bamburi kuna Haller Park, na hapa orodha ya WhatsApp inapata alama zake. Mahali hapa palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi Bamburi 1954, kikachimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki ardhi nyeupe, kavu, yenye chumvi, isiyootesha kitu. Mwaka 1971 Mswisi René Haller akaanza kujaribu miti. Mingi ilikufa. Mvinje ukakubali. Tatizo likawa majani yake, ambayo yalianguka na kukataa kuoza, mpaka wakaletwa jongoo wakayala na kuyageuza udongo. Fikiria hilo: msitu mzima unaouona pale umesimama juu ya kazi ya jongoo. Baadaye likaja lile toto la kiboko, Owen, lililookolewa kando ya Sabaki wakati wa tsunami ya Desemba 2004 na kumfanya kobe mzee anayeitwa Mzee kuwa mama yake. Watoto huenda kwa sababu ya hadithi hiyo. Mimi naipendea kitu kingine. Haller Park haifichi kovu lake. Inakuonyesha shimo, inakuambia nani alilichimba na ilichukua nini kulifunika.

Sasa wacha nikupe orodha nyingine. Hii hutaipata kwenye grupu, utaipata kwa makanga.

Panda matatu ya Kisauni au Bamburi pale mjini, vuka daraja la Nyali, kisha usikize. Mara tu baada ya daraja atagonga bati na kuita: "Kengeleni! Kuna wa Kengeleni?" Abiria watashuka na mizigo yao, wengine wakielekea soko la Kongowea, na gari litaondoka. Lakini jina hilo halikutoka hewani. Kuna kengele. Iko hapo kando ya barabara, imening'inia kwenye mnara wake mdogo, moshi wa magari unaipiga mchana kutwa.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumshurutisha Sultani Barghash atie sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa. Manowari za Uingereza zikawa zinasimamisha majahazi na kuwatoa watu waliomo. Swali likabaki: baada ya kutolewa, waende wapi? Wengi walikuwa wametekwa wakiwa wadogo, mbali sana bara, na hakukuwa na njia salama ya kurudi. Wamisionari wa CMS wakanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na 1875 kijiji kikaanza. Wakakiita Frere Town. Miongoni mwa walioongoza kazi hapo walikuwa Waafrika waliowahi kukombolewa miaka ya nyuma, wakapelekwa India, wakasomea Nasik, kisha wakarudishwa Afrika Mashariki.

Kengele ilikuwa yao. Ililia kuwaonya kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja. Na hili halikuwa tishio la kutungwa. Ng'ambo ya maji, umbali ambao leo matatu inaumaliza kwa dakika chache kama hakuna jam, utumwa ulikuwa bado halali. Sheria ya kufuta hadhi ya utumwa pwani ilikuja 1907, zaidi ya miaka thelathini baada ya kijiji kuanzishwa, na zaidi ya miaka kumi baada ya Waingereza kutangaza kwamba wanatawala hapa. Kuna mtu aliyezaliwa huru Frere Town, akakua, akaoa, akapata watoto, na muda huo wote akilala sikio moja liko kwa kengele.

Nilishuka hapo mara ya kwanza mwaka nilioacha chuo, nikiwa na wakati mwingi na pesa kidogo. Jamaa wa bodaboda alikuwa kivulini karibu na mnara. Nikamuuliza kengele ni ya nini. "Ya zamani hiyo, ndugu yangu. Ya watumwa," akasema. Kisha, bila kupumzika: "Waenda wapi?" Hakukuwa na foleni. Hakukuwa na mtu wa kuuza tiketi wala mpiga picha. Watu walipita na magunia ya vitunguu.

Unaweza kuniuliza, haya yanamhusu nini kijana wa Bahati aliyeenda kuogelea?

Angalia barabara yetu ya Nakuru kwenda Nyahururu. Steji zetu ni Maili Sita, Maili Kumi. Makanga wanaziita kila siku na hakuna anayeshtuka kwamba tunaishi ndani ya kipimo cha mtu mwingine, mtu aliyesimama Nakuru mjini akahesabu umbali hadi mashambani. Na Nakuru yenyewe ilikua kwa sababu ya reli iliyofika 1900. Reli hiyo ilianzia Mombasa 1896. Iliwekwa na wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India, na takriban 2,500 kati yao wakafa kabla haijafika ziwani Kisumu 1901. Ndiyo iliyowabeba walowezi hadi juu huku, na walowezi ndio waliotufanya maskwota kwenye ardhi ambayo baada ya uhuru watu wetu walikuja kugawiwa vipande. Kwa hivyo Mombasa si mahali pa mbali tunapoenda kustarehe tu. Hesabu ya maili zetu ilianzia kule.

Bahati hatuna mnara wa kuonyesha haya. Tuna majina ya steji, kama Kengeleni walivyo na lao, na tofauti ni kwamba wao bado wana kengele yenyewe. Kitu kisichotazamwa huwa hakina mtetezi siku barabara ikihitaji kupanuliwa. Fort Jesus ina UNESCO. Pembe zina kila mtalii mwenye simu. Kengele ina jamaa wa bodaboda na yeyote atakayeamua kushuka.

Kwa hivyo Desemba nenda. Piga picha chini ya pembe, zimependeza. Ingia Fort Jesus, uliza vyumba vya jela vilikuwa wapi. Jioni kaa Mama Ngina ule mihogo na ndimu na pilipili ukiangalia meli zikiingia Kilindini. Na siku ya kwenda Bamburi, ongeza jina moja kwenye orodha ya grupu. Gari litapita hapo hata hivyo. Mwambie makanga akushushe Kengeleni.