Afande: Neno la Gwaride Lililopitia Cairo Hadi Kwale

Neno afande, ambalo wakazi wa Kona ya Musa na pwani nzima ya Kwale hulitumia kumwita polisi wa cheo chochote, lilitokana na efendi la Kituruki, yaani bwana mwenye elimu au madaraka, likaingia Misri na jeshi la dola ya Uthmaniya, kisha likaletwa kusini na wanajeshi wa Kisudani. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliandikisha mamia ya Wasudani mjini Cairo ili kuzima vita vya Abushiri bin Salim huko Pangani, na mwaka 1891 Mwingereza Frederick Lugard akawachukua wenzao waliosalia katika kikosi cha Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, karibu na Ziwa Albert.

Hivyo Wajerumani na Waingereza, waliokuwa wakishindania nchi, walijikuta wakitumia ngazi moja ya vyeo: ombasha, ambaye kwa asili ya jina lake ni mkuu wa watu kumi, juu yake shaushi, na juu zaidi efendi. Majeshi hayo yalipopambana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Gazi mwezi Oktoba 1914 na Jasini, kusini kidogo ya Vanga, mwezi Januari 1915, askari Waafrika wa pande zote mbili waliwaita wakubwa wao kwa majina yale yale, jambo linalostahili kukumbukwa kila vita hivyo vinaposimuliwa kana kwamba vilikuwa vya Wazungu peke yao. Baadaye majina koplo na sajini yalichukua nafasi ya ombasha na shaushi. Efendi likadumu, hata Idi Amin akapewa cheo hicho katika jeshi la Waingereza mwaka 1959.

Amri za gwaride nazo zimeacha alama, tena ndani ya sarufi. Msemaji wa kawaida husema "geuka nyuma", lakini mkuu wa gwaride husema "nyuma geuka", kwa kuwa sehemu ya kwanza ya amri humwandaa askari na neno la mwisho ndilo la kutenda, ili safu nzima igeuke kwa pamoja. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huo, huamrisha kwa Kiswahili: mguu sawa, mguu pande, mbele tembea. Mpangilio huo umevuka uwanja wa gwaride, kwani kiongozi anayebatilisha msimamo wake huandikwa magazetini kuwa amepiga nyuma geuka, wala hakuna mhariri anayeyapanga upya maneno hayo mawili.