Maumivu ya mgongo na viungo: Utafiti unasema nini kuhusu vipimo na tiba zake?

Mkaazi wa Namakwekwe, mtaa ulio kaskazini mwa jiji la Mbale, mashariki mwa Uganda, anapoumwa mgongo huwa na njia kadhaa mbele yake. Anaweza kukandwa nyumbani, kununua vidonge dukani, kuvaa mkanda wa kiuno, kupigwa picha au kumuona mtaalamu wa tiba ya viungo. Kila njia ina gharama yake, na kila moja ina watu wanaoapa kuwa iliwaponya.

Ushuhuda huo una kasoro moja. Maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe baada ya wiki chache. Kwa hiyo tiba yoyote iliyotumika katika kipindi hicho hupata sifa, hata kama haikuchangia lolote. Ili kujua ukweli, watafiti huwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu katika makundi, kundi moja likapewa tiba na jingine likakosa, kisha matokeo yakalinganishwa.

Mbale inaufahamu utaratibu huo kwa karibu. Hospitali ya Rufaa ya Mbale ilikuwa miongoni mwa hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania zilizoshiriki katika utafiti wa FEAST, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Utafiti huo ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Desturi ilikuwa kuwaongezea maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Ilibainika kuwa katika saa 48 za kwanza, takriban asilimia 10.5 ya watoto waliopewa maji hayo walifariki, ikilinganishwa na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa.

Utafiti huo haukuhusu mgongo wala magoti, lakini funzo lake linagusa kila tawi la tiba: jambo kuzoeleka hospitalini si ushahidi kwamba linafaa.

Vipimo vinaaminika kwa kiasi gani?

Mtaalamu wa tiba ya viungo humlaza mgonjwa chali na kuuinua mguu wake ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka mguuni, hushukiwa kuwa diski iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo imetokeza na kubana mshipa wa fahamu.

Uhakiki wa tafiti uliochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2010 ulichunguza kipimo hicho, hasa miongoni mwa wagonjwa waliopelekwa kufanyiwa upasuaji. Kati ya kila watu 100 wenye tatizo hilo, kipimo kiliwatambua takriban 92. Hata hivyo, kati ya kila watu 100 wasio nalo, takriban 72 nao walionekana kana kwamba wanalo. Hivyo, maumivu yasipotokea, uwezekano wa tatizo hilo hupungua. Lakini yakitokea, hayathibitishi mengi.

Picha nazo zina mipaka yake. Mwaka 2015, watafiti walikusanya matokeo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mtu anayeambiwa kuwa mgongo wake "umelika" huenda anaonyeshwa jambo la kawaida kama mvi, na maumivu yake yana chanzo kingine.

Vipo pia vipimo rahisi vilivyofaulu vizuri. Kanuni za Ottawa, zilizotungwa nchini Canada mwaka 1992, humwezesha mhudumu kuamua kama kifundo cha mguu kilichoteguka kinahitaji eksirei. Huangalia kama mfupa unauma ukibonyezwa katika sehemu maalumu, na kama mgonjwa anaweza kutembea hatua nne. Uhakiki wa mwaka 2003 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 15,000 ulionyesha kuwa, kati ya wale ambao kanuni hizo ziliashiria hawana mvunjiko, chini ya asilimia 2 ndio waliokuwa nao. Kwa mwendesha bodaboda aliyeanguka, vidole vya mhudumu aliyefunzwa vinaweza kumwokolea gharama ya picha.

Tiba zipi zinapendekezwa?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na kwamba idadi hiyo itafikia milioni 843 ifikapo 2050. Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya aina hiyo.

Mwongozo huo unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi yenye mpangilio, kukandwa na tiba ya kisaikolojia. Haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvuta uti wa mgongo kwa mashine, mashine za mawimbi ya sauti, umeme unaopitishwa juu ya ngozi, wala dawa za jamii ya afyuni.

Mazoezi nayo si muujiza. Uhakiki wa Cochrane wa mwaka 2021, uliokusanya majaribio 249, ulionyesha kuwa waliofanya mazoezi walipata nafuu zaidi kwa wastani wa pointi 15 katika kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100, wakilinganishwa na wasiopata tiba au waliopata huduma ya kawaida. Hiyo ni nafuu ya kadiri. Aidha, sehemu kubwa ya ushahidi huu imetoka katika nchi tajiri. Mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, au mama anayebeba maji kichwani, hana budi kupewa mazoezi yanayolingana na kazi zake.

Lakini habari hii ina unafuu kwa wenye kipato kidogo: mengi yanayopendekezwa hayahitaji umeme wala mashine ya bei kubwa.

Wakati wa kutokusubiri

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi sehemu za siri, au miguu kupoteza nguvu yanahitaji hospitali mara moja. Homa, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito vinaweza kuashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibiwa kwa dawa. Maumivu makali baada ya kuanguka au ajali nayo yachunguzwe bila kukawia.

Kwa maumivu mengine, mgonjwa ana haki ya kumuuliza mhudumu wake: Je, kipimo hiki kitabadilisha tiba nitakayopewa? Tiba hii imelinganishwa na nini? Na nini kitatokea nisipoitumia?