Kachero Asiye na Sare

Kachero binafsi wa sinema ni mtu anayelipwa kutafuta ukweli bila kuwa na mamlaka ya kumkamata yeyote. Hana sare wala pingu, na mara nyingi hata kodi ya ofisi humshinda. Askari akibisha hodi, mlango hufunguliwa kwa sababu ya serikali iliyo nyuma yake. Kachero binafsi huingia kwa maneno: huuliza, hunyamaza, huacha uongo wa mtu ujikwae wenyewe. Mvuto wake umo humo, na humo pia ndimo ulimo ugumu wa kumhamisha kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Sura yake ya kisinema ilitimia mwaka 1941, John Huston alipoongoza The Maltese Falcon, Humphrey Bogart akiwa Sam Spade. Riwaya ya asili iliandikwa na Dashiell Hammett, aliyewahi kuwa mpelelezi wa wakala wa Pinkerton. Spade huwafuata watu, hufuatwa, na mteja wake mwenyewe humdanganya tangu siku ya kwanza. Mwaka 1946 Howard Hawks alitoa The Big Sleep, kutoka riwaya ya Raymond Chandler. Kisa chake kimefumbika hata kifo cha dereva mmoja hakipati maelezo, na bado filamu hiyo inapendwa hadi leo. Kumbe mtazamaji hafuati jibu peke yake. Anamfuata kachero Philip Marlowe chumba hadi chumba, akisikiliza jinsi tajiri anavyozungumza na jinsi mlinzi wake anavyozungumza. Stelingi wa filamu za ngumi hushinda kwa mkono. Marlowe hupigwa, huamka, huuliza tena.

Afrika Mashariki kachero huyu alipata Kiswahili chake kwanza kwenye kurasa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Shujaa wake, Bwana Msa, anavuta kiko na ana rafiki wa kuandamana naye, Najum, kama Sherlock Holmes na Watson. Holmes alikwisha kuenea duniani kwa filamu 14 alizoigiza Basil Rathbone kati ya 1939 na 1946. Lakini Bwana Msa si nakala. Maiti katika riwaya ile inaonekana mahali pa mzimu, panapoogopwa, na kazi ya kwanza ya mpelelezi ni kutenganisha hofu ya watu na tendo la mtu. Silaha yake ni mazungumzo ya Kiunguja yenye heshima, mizaha na mafumbo. Abdulla alielewa, pengine kuliko mwandishi yeyote wa Kiswahili aliyemfuata, kwamba upelelezi ni ufundi wa lugha. Bwana Msa aliendelea katika Kisima cha Giningi (1968) na Siri ya Sifuri (1974), hadi Kosa la Bwana Msa (1984).

Bara, mambo yalichukua mkondo mwingine. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) aliwapa upelelezi polisi. Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), alimpa Willy Gamba, jasusi anayetumwa na serikali kupambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Zama zile za Ujamaa shujaa wa kutumwa na taifa alieleweka upesi. Ben Mtobwa ndiye aliyemrudisha mtu wa kujitegemea kupitia Joram Kiango, mwenye ofisi yake Dar es Salaam. Katikati ya waandishi hawa lilipita jarida la African Film kutoka Afrika Kusini, na shujaa wake Lance Spearman: picha za waigizaji na maneno yao, sinema iliyochapwa kwenye karatasi.

Karatasi ina faida moja kubwa, kwamba inasafiri. Jumba la sinema lilihitaji mji na umeme. Chiwanda, kwa mfano, iko mwambao wa Ziwa Nyasa karibu na mpaka wa Msumbiji. Kwa vijiji kama hivyo, riwaya iliyoingia kwenye begi la mwalimu ilikuwa na njia fupi zaidi kuliko filamu yoyote. Ilikuja pia katika lugha inayosomwa shuleni, hata pale nyumbani panapozungumzwa Kimanda, Kinyasa au Kimatengo.

Video na jenereta ziliondoa kikwazo cha umeme. Kikwazo cha lugha kilibaki. Katika vibanda vya video filamu ya ngumi hujieleza yenyewe. Ya kachero hufa pasipo mkalimani, maana ushahidi umo katika sentensi moja iliyosemwa nusu. Hapo ndipo kazi ya wasimuliaji, ambao Lufufu ni miongoni mwa waliovuma sana Tanzania, inapostahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Msimuliaji huweka Kiswahili juu ya sauti ya filamu, huwapa wahusika lafudhi na tabia, hueleza desturi ngeni. Kwenye filamu ya upelelezi ana mzigo wa ziada: amekwisha kuitazama, anamjua muuaji, na kila neno analomtafsiria mshukiwa lazima libebe uongo wake bila kuufichua kabla ya wakati.