Kwa Nini Sijachukua Doo ya Maziwa ya Mkebe

Juzi nimefungua inboksi nikapata ofa: video ya sekunde 30, nishike mkebe wa maziwa ya watoto wachanga, niseme mtoto wa sista yangu anayapenda. Elfu kumi na tano. Wasee, kodi yangu ni elfu nane. Lakini kabla nijibu nikaanza kusoma, nikapotea huko usiku mzima.

Miaka ya 60 na 70, kampuni za maziwa ya unga zilikuwa zinatafuta soko Afrika, Asia na Amerika Kusini. Zilituma wanawake wamevaa sare kama za manesi hadi kwa wodi za kujifungua, wakigawa sampuli za bure. Cheki ujanja: mama akitumia hayo ya bure kwa muda, yake yanapungua. Sampuli ikiisha, lazima anunue. Pesa hana, basi anaongeza maji ndio mkebe ufike mwisho wa mwezi, na maji yenyewe ni machafu. Watoto waliharisha, wakakonda, wakafa. Na nchi maskini ingeibana vipi kampuni yenye makao Uswisi?

1974 shirika la War on Want la Uingereza likatoa ripoti, The Baby Killer. Waswisi wakaitafsiri na kuweka jina la Nestlé kwa kichwa, wakashtakiwa. 1976 korti ikawapiga faini ya faranga 300 kila mmoja, lakini hakimu akaiambia kampuni ibadilishe vile inatangaza. Mwaka uliofuata Wamarekani wakaanza kususia bidhaa zake. Hapo ndio napenda: mtu anaacha kahawa yake juu ya mtoto hatawahi kumwona.

Mei 1981, Geneva, nchi 118 zikapitisha kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kuzuia matangazo hayo. Tatu zikakaa kando. Iliyopinga ni moja tu: Marekani, wakati wa Reagan.

Shida ni kwamba kanuni si sheria, kila nchi lazima iandike yake. Kenya tuliandika 2012. Miaka 31, manze! Kuna mama anahitaji huo mkebe kweli, msimchome. Kinachokatazwa ni kuutangazia umma.

Siku hizi matangazo yako kwa simu, na nesi feki ni mimi. Nilimuuliza yule wa ofa kama anajua hiyo sheria. Akasema niandike tu ni zawadi, nisiseme nimelipwa. Sijamjibu. Landlord naye amepiga mara mbili leo.