Kunakili si kubandika
Mwalimu wa Moi's Bridge mwenye ripoti ya kilimo cha mahindi katika faili ya Word hufungua PowerPoint, kisha “hubandika” kurasa nzima nzima. Kitenzi hicho kinalifaa bango la ukutani. Kwa slaidi natetea nakili, neno lililotujia kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake hubeba pia maana ya kuhamisha kitu. Na programu yenyewe huhamisha kwa kuchagua: ukiipa muhtasari wenye mitindo ya vichwa, kichwa cha ngazi ya kwanza huwa anwani ya slaidi, cha ngazi ya pili huwa hoja. Aya ndefu hubaki kwenye ripoti, na aliyeketi nyuma ya ukumbi anaweza kusoma.