Morogoro kwa treni: Mapumziko ya gharama nafuu katika 'mji kasoro bahari'

KWA miaka mingi, wakazi wengi wa Dar es Salaam wameifahamu Morogoro kupitia dirisha la basi. Mabasi yaendayo Dodoma, Iringa, Mbeya na Mwanza huingia kituo cha Msamvu, abiria wakanunua maji na matunda, kisha safari ikaendelea. Mji wenyewe, uliolala chini ya Milima ya Uluguru, umekuwa mahali pa kupita badala ya kuwa mahali pa kwenda.

Hali hiyo ilianza kubadilika Juni 14, 2024, siku ambayo Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa treni ya umeme katika reli ya kisasa, maarufu kwa kifupi cha SGR. Safari ambayo kwa basi huchukua saa nne au zaidi, kutegemea foleni ya kutoka jijini, kwa treni huchukua takriban saa mbili. Kwa mara ya kwanza, mkazi wa Mbagala au Tegeta anaweza kuondoka Jumamosi asubuhi, akatembea mjini siku mbili, na kurejea Jumapili jioni bila kuomba ruhusa kazini.

Katika nchi nyingine, utaratibu huo ni wa siku nyingi. Wakazi wa Bangkok, mji mkuu wa Thailand, hupanda treni ya bei ndogo kwenda Ayutthaya, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Siam tangu mwaka 1350 hadi ulipotekwa na kuteketezwa na majeshi ya Burma mwaka 1767. Reli ya kwanza ya serikali ya nchi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilielekea huko huko. Morogoro haina mahekalu ya aina hiyo, lakini ina historia inayomhusu moja kwa moja mkazi wa Dar es Salaam, kuanzia reli hadi maji anayokunywa.

Nauli na tiketi

Kwa mujibu wa viwango vilivyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) mwaka 2024, nauli ya treni ya kawaida ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, umbali wa kilometa 192, ni Sh13,000 kwa mtu mzima. Watoto wenye umri wa kati ya miaka minne na 12 hulipa nusu ya nauli hiyo.

Hivyo, mtu mmoja anayekwenda na kurudi atatumia Sh26,000. Familia ya baba, mama na watoto wawili wanaolipa nusu nauli itatumia Sh78,000 kwa safari zote mbili. Nauli ya basi la kawaida iko chini kidogo, lakini kwa mwenye siku mbili tu, saa mbili zinazookolewa katika kila safari ni karibu nusu siku ya mapumziko.

Treni ya mwendokasi iliyopewa jina la utani la 'mchongoko', iliyoanza kazi Novemba 1, 2024, nauli yake ni ya juu zaidi. Mwenye kubana matumizi hana sababu ya kuichagua kwa safari fupi kama hii.

Tiketi hununuliwa kwa mtandao au stesheni, na msafiri hutakiwa kutaja taarifa za kitambulisho chake. Ni vema kukata tiketi ya kurudi siku ile ile ya kukata ya kwenda, kwa kuwa treni za Jumapili jioni hujaa mapema. Ratiba nayo hubadilika, hivyo ihakikiwe kwa TRC kabla ya siku ya safari.

Kufika stesheni

Gharama ambayo wengi huisahau ni ya kufika stesheni. Stesheni ya SGR ya Dar es Salaam ipo katikati ya jiji, jirani na stesheni ya zamani ya Reli ya Kati. Kwa anayetoka Bunju, Chamazi au Kigamboni, treni ya alfajiri inaweza kumlazimisha kukodi bajaji au teksi, na fedha hiyo ikakaribia au hata kuzidi nauli ya kwenda Morogoro. Njia nafuu ni kuchagua treni inayoondoka baada ya daladala kuanza kazi, au kulala kwa ndugu aliye karibu na mjini.

Wakazi wa upande wa Yombo, Kitunda na Gongo la Mboto wanaweza kuulizia treni zinazosimama Pugu, stesheni inayofuata baada ya Dar es Salaam, badala ya kurudi nyuma hadi mjini.

Upande wa pili, stesheni ya SGR ya Morogoro ipo Kihonda, nje ya katikati ya mji. Abiria akishuka atahitaji daladala, bajaji au bodaboda kufika mjini. Anashauriwa kukubaliana bei kabla ya kupanda, hasa anapokuwa na mizigo na watoto.

Mji wa Kisabengo na Simbamwene

Kabla ya reli, mahali hapa palikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Katika karne ya 19, Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Uzigua, alijenga hapo mji uliozungushiwa ukuta wa mawe. Mji huo ulijulikana kwa jina la Simbamwene, ambalo pia ni jina la binti yake aliyetawala baada yake. Misafara iliyopita ilitakiwa kulipa hongo, yaani ushuru wa njia.

Henry Morton Stanley aliuona mji huo mwaka 1871 akiwa safarini kumtafuta David Livingstone, na aliandika kwa mshangao juu ya ngome yake. Aliporejea mwaka 1872 alikuta mafuriko ya Mto Ngerengere yamebomoa sehemu ya ukuta huo na kuchukua nyumba nyingi.

Mgeni anayetarajia kuona ngome hiyo leo atakata tamaa, maana mji mpya umekua juu ya ule wa kale. Hata hivyo, kujua kwamba mwanamke alitawala hapa na kutoza misafara ushuru kabla ya ukoloni kunabadili namna ya kuutazama mji huu.

Reli ya kwanza

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwishoni mwa mwaka 1907 ikafika Morogoro, ikiwa ndicho kituo chake kikubwa cha kwanza bara. Ilifika Kigoma mwaka 1914, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Agosti 26, 1916, majeshi yaliyokuwa chini ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Morogoro, huku Wajerumani wakirudi nyuma kwa kupitia Milima ya Uluguru.

Stesheni ya reli hiyo ya zamani ingali mjini. Anayefika kwa treni ya umeme Kihonda, kisha akaenda kuiona stesheni hiyo, atakuwa ameona zaidi ya karne moja ya reli nchini ndani ya saa chache na bila kiingilio kikubwa.

Mazimbu na ukombozi wa Afrika Kusini

Mahali pengine ambapo hapastahili kukosekana katika safari hii ni Mazimbu, pembezoni mwa mji. Morogoro ndipo chama cha African National Congress (ANC) cha Afrika Kusini kilipofanya mkutano wake maarufu mwaka 1969, kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1. Mkutano huo uliwafungulia mlango wa uanachama watu wasio Waafrika weusi waliokuwa uhamishoni wakipinga ubaguzi wa rangi.

Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, vijana wengi walikimbilia nje ya nchi yao. Serikali ya Tanzania ikatoa ardhi Mazimbu, na ANC ikajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 6, 1979. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa Tanzania na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Yapo pia makaburi ya wapigania uhuru waliofia ugenini. Kwa kuwa ni eneo la chuo, mgeni hujitambulisha getini na kueleza shabaha ya ziara yake.

Ni SUA pia ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya Magawa, aliyezaliwa Morogoro na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Ziara hufanywa kwa miadi, na watoto huifurahia kuliko majengo ya kale.

Milima inayonywesha Dar

Matembezi yanayopendwa zaidi ni ya kupanda Uluguru hadi Morningside, penye nyumba ya mawe iliyojengwa enzi za Wajerumani, kiasi cha meta 1,300 kutoka usawa wa bahari. Ni mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa miguu. Inashauriwa kuchukua mwongozaji wa mji huo, kuulizia tozo za hifadhi mapema, na kuepuka miezi ya masika, Machi hadi Mei, kwa sababu ya utelezi.

Mto Ruvu huanzia katika milima hii, na maji yake husafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kabla ya kufika Kinondoni, Ubungo na maeneo mengine ya jiji. Oktoba 2022, kina cha mto huo kilipopungua, Dar es Salaam iliingia katika mgawo wa maji. Anayeona mashamba yanavyopanda miteremko ya Uluguru ataelewa kwa nini kukatwa kwa msitu huko ni suala la bomba la nyumbani kwake.

Chakula, malazi na muziki

Soko Kuu la Chifu Kingalu ndipo mboga na matunda kutoka milimani huuzwa. Mapambo ya watalii hayahitajiki. Kikapu cha matunda ni zawadi tosha ya kurudi nayo nyumbani. Chakula cha mama lishe hupatikana kwa bei ya kawaida.

Nyumba za kulala wageni zipo nyingi, na baadhi ya nyumba za mashirika ya Kikatoliki hupokea wageni kwa bei ya wastani, zikiwa na utulivu unaofaa familia. Bei iulizwe kwa simu kabla ya safari.

Wapenzi wa muziki wa zamani hawatasahau kwamba huu ndio mji wa Salim Abdullah na Cuban Marimba, na wa Mbaraka Mwinshehe aliyevuma na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, hadi alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979.

Mambo ya kuzingatia

Treni hutegemea umeme, na hitilafu zimewahi kuisimamisha njiani, ikiwamo ya Julai 2024 ambayo TRC ilisema ilitokana na wanyama kugusa miundombinu. Kwa sababu hiyo, mwenye kazi Jumatatu alfajiri asichague treni ya mwisho ya Jumapili. Treni ya mapema pia humfikisha Dar es Salaam wakati daladala za Mbagala, Bunju na Chanika zingali barabarani, hivyo fedha aliyoiokoa kwa siku mbili haitaishia kwenye teksi ya usiku.